Ukiondoa Kina, Umeweka Nini?

Maswali ya wasomaji kuhusu mashairi huru, na majibu yetu

Nimetunga mashairi ya arudhi, yaani yenye vina (silabi za mwisho zinazofanana) na mizani (hesabu ya silabi), kwa zaidi ya miaka 40, na si mara moja nimesema hadharani kwamba mashairi huru ni insha iliyokatwakatwa. Mwaka huu mjukuu wangu alinisomea shairi moja huru, likanikaa moyoni. Nimeanza kuyumba. Nitajuaje kama kilichonigusa ni shairi lenyewe au ni sauti ya mjukuu wangu tu? Na nikibadili msimamo, sitakuwa nimeikana kazi yangu yote? – *Msomaji, Tanga*

Shikamoo, mzee wetu. Tuanze na swali la kwanza, maana hilo lina kipimo.

Mwombe mjukuu akunakilie shairi lile mara mbili: nakala moja kama alivyolipanga mtunzi, nyingine kwa mfululizo kama barua, bila kukata mstari hata mmoja. Ziweke kando siku mbili tatu ili sauti yake ikutoke masikioni. Kisha soma mwenyewe kwa sauti. Anza na ile ya barua. Halafu soma ile ya mishororo, ukinyamaza kidogo kila mstari unapoishia, hata pale ambapo sentensi haijakamilika. Kama nakala zote mbili zimekupa kitu kilekile, basi kwa shairi lile ulikuwa unasema kweli, ni insha iliyokatwakatwa. Kama ya pili imekupa kitu ambacho ya kwanza haina, chukua penseli uweke alama pale zilipoachana. Kazi ya mtunzi iko hapo.

Katika kila alama jiulize: mtunzi huyu ameondoa kina na mizani, ameweka nini mahali pake? Vya kuweka si vingi: takriri (kurudiarudia neno), sentensi zinazokwenda sambamba, picha inayojengwa kidogokidogo, mkato wa mstari, na kimya. Ukikiona kimojawapo kinafanya kazi, umeguswa na shairi. Usipoona hata kimoja, mshukuru mjukuu kwa usomaji mzuri.

Tuonyeshe kwa mfano. Huu ni ubeti tuliotunga kwa makusudi ya somo hili, mizani 8 kwa 8, kina cha kati *-ka*, cha mwisho *-si*:

*Mashua imeondoka, pwani tumebaki sisi,*
*Tanga lilipotwekeka, ilikwenda kwa wepesi,*
*Mkono ukainuka, kutuaga kwa upesi,*
*Nyayo zimeshafutika, mchanga hautuhisi.*

Hesabu mizani, imetimia. Vina vimekaa. Mtu anaweza kuuimba. Lakini tazama utao, yaani kipande cha pili, wa mshororo wa pili na wa tatu: *kwa wepesi*, *kwa upesi*. Neno ni lilelile limevaa kanzu mbili. Isitoshe, katika mazungumzo mtu husema *upesi*, hasemi *kwa upesi*. Hilo *kwa* limeitwa lije kujaza mizani ya nane. Na mkono unaoaga upesi hautuambii lolote. Kina cha *-si* kilihitaji neno, mtunzi akashika la karibu.

Sasa jambo lilelile bila arudhi:

*Mashua imeondoka.*
*Tumebaki*
*sisi*
*na mchanga*
*unaofuta nyayo*
*kabla hatujageuka.*

Soma ukinyamaza mwisho wa kila mstari. Katika ubeti wa kwanza *sisi* ilikuwa pale kwa ajili ya kina. Hapa imesimama peke yake kama watu wanavyosimama ufukweni chombo kikishatoka, na kwa pumzi moja msikilizaji anadhani wamebaki wao tu. Mstari unaofuata unawaletea mwenzao, kumbe mwenzao ni mchanga, na mchanga wenyewe tayari unawafuta. Mstari wa nne na wa tano ni mishata: maana haiishii ukingoni, inamwagikia chini, kama maji yanavyorudi baada ya wimbi. Tena angalia neno la mwisho wa mstari wa kwanza na la mwisho kabisa: *imeondoka*, *hatujageuka*. Kina kipo. Kimewekwa milangoni, kimoja cha kuingilia na kimoja cha kutokea.

Ukitaka kuona jinsi mkato unavyoweza kuharibu, panga maneno yaleyale hivi:

*Tumebaki sisi na*
*mchanga unaofuta*
*nyayo kabla*
*hatujageuka.*

*Na* inaning'inia bila kusubiri kitu cha maana, na *kabla* imekatwa shingo. Sauti inajikwaa, na kujikwaa huko hakumfundishi msomaji chochote. Mengi yanayoitwa mashairi huru yamekatwa namna hii, na ndiyo yaliyokupa haki ya kusema uliyoyasema miaka yote.

Lakini usiiache arudhi yako ikiwa imelala chini, maana kosa la ubeti ule si la kina. Rudi kwenye mshororo wa tatu, ubadili utao wake tu:

*Mkono ukainuka, haukushuka upesi.*

Mizani ni 8. Kina ni kilekile. Sasa tanga lina wepesi na mkono hauna: chombo kinakimbia, anayeondoka hataki kuushusha mkono. Maneno mawili yaliyokuwa yakirudiana sasa yanashindana, na ushindani huo umeletwa na kina chenyewe, kwa kuwa kilimlazimisha mtunzi kutafuta zaidi. Ndiyo maana tunasema kipimo ni kilekile pande zote mbili. Kwenye shairi la arudhi uliza kina kimemfanya mtunzi agundue nini. Kwenye shairi huru uliza ukosefu wa kina umempa nafasi ya nini.

Kuhusu kuikana kazi yako: hapana. K. K. Kahigi na M. M. Mulokozi, watunzi wa *Malenga wa Bara* (1976), walitunga kwa arudhi na bila arudhi. Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar ameandika kwa njia zote mbili katika maisha yake ya utunzi. Kubadili mawazo kuhusu shairi huru hakukudai uliache shairi lako hata moja. Kunakudai jambo dogo na gumu: ukilaumu, ulaumu shairi lililo mbele yako, lisomwe na kutajwa mstari kwa mstari, badala ya kulaumu kundi zima.

Hapa kwetu tunaambiwa mashairi huru ni kitu cha Wazungu kilicholetwa na watu wa bara waliosoma vyuoni, wasioijua lugha, waliokuja kuzika urithi wa Waswahili. Kweli si kweli? – *Msomaji, Lamu*

Kuna ukweli ndani yake, ndugu yetu, na ukweli huo tusiukwepe. Diwani iliyowasha moto ni *Kichomi* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974. Yeye alikuwa mzaliwa wa Ukerewe, alisoma na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na fasihi ya Ulaya aliijua vizuri. Hakuficha kwamba anaacha vina kwa makusudi. Alitaka ushairi utumie lugha ambayo watu wanaisema kila siku. Upande wa pili kulikuwa na msimamo uliokwisha kuandikwa miaka 20 kabla. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, akashikilia kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika halistahili jina hilo. Shaaban Robert naye aliuita ushairi sanaa ya vina. Mtu aliyelelewa na mafundisho ya wawili hao, akapewa *Kichomi*, alikuwa na sababu ya kushtuka. Ugomvi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba J. Mayoka aliuweka kwenye jina la kitabu chake cha 1984, *Mgogoro wa Ushairi*.

Lakini hilo la "watu wa bara wasioijua lugha" halisimami. Ebrahim Hussein, aliyeandika "Ngoma na Vailini" bila kufuata arudhi, ni mtu wa Kilwa. Alamin Mazrui, mwenye *Chembe cha Moyo* (1988), ni wa Mombasa. Said Ahmed Mohamed tumeshamtaja. Hawa ni watoto wa pwani, na hakuna wa kuwafundisha Kiswahili.

Wala si kweli kwamba shairi lisilo na vina lilingoja meli ya Ulaya. Huko kwenu kuna tumbuizo, utungo wa kuimbwa ambao haubanwi na idadi ya mizani wala vina, na Ibrahim Noor Shariff, mtetezi hodari wa urithi wa pwani, ameuweka katika orodha ya bahari, yaani aina za tungo, za Kiswahili kwenye *Tungo Zetu* (1988). Bara nako Wahaya wana tenzi zinazoimbwa kwa nanga, ala ya nyuzi, na majigambo ya kujisifu vitani, ambayo hutegemea takriri, majina ya sifa na pumzi ya msemaji. Mulokozi ametoka Kagera. Alipoacha vina alikuwa na masikio yaliyokwisha kusikia ushairi mwingine nyumbani kwao.

Tuongeze jambo moja ambalo husahaulika. Ubeti wa utenzi tunaouona leo, vipande vinne vimepangwa kimoja chini ya kingine, ni mpangilio wa kitabu cha herufi za Kirumi. Katika miswada ya zamani ya herufi za Kiarabu, vipande vyote vinne mara nyingi vilikaa kwenye mstari mmoja, vikitengwa kwa alama. *Utendi wa Tambuka*, ambao muswada wake ni wa mwaka 1728, haukuandikwa kwa umbo hili la ngazi tunaloliona vitabuni. Kwa hiyo sura ya shairi kwenye ukurasa imeshawahi kubadilika, na utenzi haukufa. Ulibaki kwa sababu ulikuwa umejengwa kwa ajili ya sikio.

Hasara iliyopo ni ya kweli, nasi tunaitaja: shairi huru ni gumu kukariri. Utenzi wa beti mia mtu anaubeba kichwani kwa sababu kila kina kinamvuta mwenzake. Mistari 30 isiyo na vina humtoka mtu baada ya wiki. Jamii inayohifadhi historia na dini yake kwa kukariri ina haki ya kuuliza nani atayabeba haya mapya bila karatasi. Swali hilo washairi huru wengi hawajalijibu.

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanapenda shairi huru kwa sababu "halina kanuni". Wanachoniletea ni insha ya maadili iliyokatwa kila baada ya maneno matatu. Nifanye nini? – *Mwalimu, Kakamega*

Mwalimu, wape kanuni. Shairi huru lina kanuni, ila kila shairi linajiwekea zake na kuzitii, na mwanafunzi ambaye hajawahi kujiwekea sharti atahitaji umpe la kuanzia. Zoezi lifuatalo linachukua vipindi viwili vya dakika 40.

Kipindi cha kwanza, kila mmoja aandike aya ya maneno 60 kuhusu kitu kimoja alichokiona leo kabla ya kufika shuleni. Kiwe kitu cha kuonekana au kushikwa. Piga marufuku maneno haya kwa siku hiyo: *maisha, upendo, amani, uhuru, umaskini, matumaini*. Yanapoondoka darasa hulalamika, kisha hunyamaza na kuanza kufikiri. Baada ya hapo wapunguze aya hiyo hadi maneno 30. Watakaojitahidi wataona kwamba ya kwanza kufa ni *sana, kwa kweli, kwa hakika, ambaye* na *kwamba*.

Kipindi cha pili, maneno yale 30 wayapange kwa mistari kwa njia tatu tofauti, kila moja kwenye karatasi yake. Njia ya kwanza iwe ya mistari kifu, yaani kila mstari ukamilishe maana yake. Ya pili iwe na mistari mishata isiyopungua mitatu. Ya tatu iwe na mstari mmoja wenye neno moja tu. Kisha jirani asome zote tatu kwa sauti, na mwandishi achague moja na kutoa sababu kwa sentensi moja. Alama kubwa iwekwe kwenye sababu. Mwanafunzi akiandika "nimekata hapa ili msomaji adhani baba amerudi, kabla hajajua ni jirani", huyo ameelewa. Akiandika "inapendeza", arudie.

Utakutana na makosa manne. Wengi hukata mstari baada ya kiunganishi au kihusishi (*na, kwa, ya, kama*) bila sababu. Wengine huweka nukta nyingi... kila mahali... wakidhani kimya kinaletwa na nukta. Wapo wanaotumia alama za mshangao badala ya picha. Kosa la nne ndilo sugu zaidi: kusema hisia badala ya kuweka kitu kinachoizaa. Mfano, mwanafunzi ataandika:

*Umaskini umetuandama,*
*maisha ni magumu,*
*mama anateseka.*

Muulize: mama alifanya nini jana jioni? Ukimvuta taratibu utapata kitu kama hiki:

*Mama anapima unga*
*kwa kikombe cha chai.*

Mistari miwili. Neno umaskini halimo, wala mateso, lakini kila aliyekulia nyumba inayonunua unga anajua kwamba unga wa ugali haupimwi kwa kikombe cha chai. Kipimo kidogo kimesema yote. Mkato nao una kazi: mstari wa kwanza ni jambo la kawaida la kila jioni, wa pili ndio unaochoma.

Kwenye mtihani, wakumbushe kwamba swali la umbo la shairi huru halijibiwi kwa kusema "halina vina wala mizani" pekee. Hiyo ni kueleza kisichokuwepo. Wataje kilichopo: idadi ya beti na mishororo, mishata iko mstari wa ngapi, neno lipi limerudiwa mara ngapi, na kila kimoja kinaongeza nini kwenye maana.

Nikipanga shairi langu kwa umbo fulani, mfano ngazi au mawimbi, nikalituma kwa simu, linafika limevurugika. Na je, mashairi ya umbo yana thamani yoyote? – *Msomaji, Mwanza*

Yana thamani pale ambapo macho yanapata kitu ambacho sikio lisingepata. Kithaka wa Mberia wa Kenya, kuanzia *Mchezo wa Karata* (1997), ametumia mpangilio wa maneno ukurasani kama sehemu ya ujumbe. Kipimo rahisi: lisome kwa mtu aliyefumba macho. Kama shairi limebaki na nguvu, umbo ni nyongeza nzuri. Kama hakuna kilichobaki, una mchoro wenye maneno, na mchoro huo lazima uwe mzuri sana.

Kuhusu simu: kioo cha simu ni chembamba, na mstari mrefu hukunjwa wenyewe pale unapogonga ukingo. Mpokeaji haoni tofauti kati ya mkato wako na mkunjo wa simu. Nafasi ulizoziweka kwa kubonyeza mara nyingi nazo huhama, kwa sababu herufi za simu hazilingani upana: *i* ni nyembamba, *m* ni pana. Liandike kwenye kompyuta, likague, kisha litume kama picha. Ukilazimika kulituma kama maandishi, fanya mistari iwe mifupi, anza yote ukingo wa kushoto, ujitumie mwenyewe kwanza kabla hujamtumia mwingine.

Mimi ni kijana, natunga mashairi huru tu, na ninayasoma jukwaani. Nilikuwa nikiidharau arudhi. Siku hizi nashuku kwamba uhuru wangu ni uvivu. Nianzie wapi kujifunza, na je, arudhi haitaniua sauti? – *Msomaji, Dar es Salaam*

Mdogo wetu, shaka hiyo ni njema, ishike.

Anza na utenzi, usianze na shairi la vina viwili. Ubeti una vipande vinne vya mizani 8. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja kinachobadilika kila ubeti. Cha nne kinabeba kina cha bahari kisichobadilika hadi mwisho wa utungo. Mfano:

*Simu imelia ndani,*
*ya rafiki wa zamani,*
*nimeshika mkononi,*
*naogopa kuitika.*

Mizani ni silabi, na kwa Kiswahili silabi ni rahisi kuhesabu kwa sababu karibu zote huishia kwa irabu. Wanaoanza hukosea kwenye *m* na *n*. *Mkononi* ni m-ko-no-ni, mizani 4, kwa kuwa *m* hapo inasimama peke yake. *Mchanga* ni 3. Lakini *mbuzi* ni 2 tu, mbu-zi, na *mwana* ni 2, mwa-na. *Nyumba* ni 2. *Nchi* pia ni 2, n-chi. *Mtumbwi* ni 3. Ukibabaika, piga kofi kwa kila pigo la sauti unapotamka taratibu, usihesabu herufi.

Sasa tazama vina vya ubeti ule: *ndani, zamani, mkononi*. Kina cha *-ni* ndicho rahisi kuliko vyote, maana karibu nomino yoyote ya mahali au kitu inaweza kubandikwa *-ni*: nyumbani, sokoni, kichwani. Kadhalika *-wa* na *-na* za mnyambuliko wa vitenzi: pendwa, pigwa, patana, onana. Mtunzi anayeishi kwa vina hivyo atamaliza beti 50 kwa siku bila kugundua kitu. Kwa hiyo jiwekee sharti: tunga beti 10 kwa siku 10, ubeti mmoja kila siku, na usitumie *-ni* ya mahali wala kauli ya kutendwa kwenye kina chochote. Utaumia kuanzia siku ya tatu. Maumivu hayo ndiyo yatakayokupeleka kwenye maneno ambayo umekuwa ukipita mbali nayo.

Jihadhari pia na inkisari na mazida, yaani kufupisha au kurefusha neno ili mizani itimie. Wakongwe waliruhusiwa, nawe unaruhusiwa, lakini mara mbili kwa ubeti ni nyingi. Neno likikataa kuingia, mara nyingi sentensi nzima ndiyo iliyokosea, wala si neno lile.

Soma *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla (1973) wakati unafanya zoezi. Aliyatunga mashairi yale akiwa kifungoni Kenya, kati ya 1969 na 1972, kwa makosa ya kisiasa. Vina na mizani vimeshikwa barabara, na hasira haikupungua hata chembe. Hilo linajibu hofu yako kuhusu sauti. Baada ya hapo rudi kwenye shairi lako huru la zamani lile unalolipenda kuliko yote, ulisome jukwaani kama kawaida, lakini kabla ya siku hiyo pitia kila mwisho wa mstari na uandike pembeni, kwa neno moja, mkato huo unafanya nini. Pale utakaposhindwa kuandika neno, unganisha mstari huo na unaofuata.

Nimejaribu kwa moyo mmoja kusoma mashairi huru ya kisasa na sielewi hata nusu. Nijuaje kama tatizo ni langu au ni la mtunzi? – *Msomaji, Bujumbura*

Usianze na maana, dada. Chukua shairi lisilozidi mistari 20. Mara ya kwanza piga mstari chini ya vitu vyote vinavyoonekana au kusikika: jiwe, mlango, kikohozi. Mara ya pili tafuta nani anasema na anamwambia nani. Viambishi *ni-, u-, tu-, m-* vitakuonyesha, na pale vinapobadilika ndipo shairi linapogeuka. Mara ya tatu fuata nyakati: *-li-, -na-, -ta-, -ki-*. Shairi likihama kutoka *-li-* kwenda *-na-* ghafla, kuna kilichorudi ambacho msemaji alidhani kimepita.

Baada ya hatua hizo tatu, ama utakuwa na zaidi ya ulichokuwa nacho mwanzo, ama hutakuwa na kitu. Kama kila usomaji unaongeza, ugumu ni wa mzigo uliobebwa, na inafaa kuendelea. *Karibu Ndani* (1988) ya Kezilahabi ina mashairi ya aina hii, yanayodai usomaji wa pili na wa tatu. Kama vitu ulivyopigia mstari havikutani popote, kila kimoja kimetupwa tu, na msemaji hajulikani ni nani, una haki ya kukifunga kitabu ukachukua kingine.

Kitu kimoja cha mwisho kwako: lisome kwa sauti hata kama uko peke yako chumbani. Wengi wanaosema hawaelewi shairi huru wanalisoma kwa macho, kimyakimya, kwa kasi ya gazeti, na kwa mwendo huo hata utenzi mzuri hauingii.